Vidudu vya kiuno chembamba kwenye banda la uyoga, nipige dawa ama niviache?

Adyeri_Uyoga
Wadau habari za saa hii, ba ssebo na ba nyabo wote mliomo humu. Mi ni mkulima wa uyoga, ule wa oista, niko Fort Portal upande wa barabara ya Kijura, banda langu ni la matope na nyasi nyuma ya nyumba, lina kaveera, ile mifuko ya plastiki iliyojaa maganda ya pamba, kama mia tatu zimening'inia kwa kamba. Mchumo wa kwanza ulikuwa mzuri mpaka nikaanza kujisifu kanisani. Wa pili ndo balaa, vichwa vinachomoza vidogo vinageuka kahawia vinanyauka, na ule uliokua ukiukata shina unakuta vijitundu kama umechomwa sindano, ndani mna funza weupe wembamba wana kichwa cheusi kinang'aa.

Nzi wenyewe nawajua, vile vijinzi vyeusi vinafanana na mbu aliyelala njaa, vinakimbiakimbia juu ya kaveera kama vimepotea njia. Hao sina swali nao. Swali ni hili, jana usiku niliingia na tochi ya simu nikaona wengine tofauti kabisa, saizi ileile lakini kiuno kimebanwa kama kimefungwa uzi, antena hazitulii hata kidogo, anatembea polepole kwenye kaveera anagonga gonga pale nilipotoboa matundu kama daktari anayepima kifua. Kaveera moja nilihesabu kumi na moja. Jirani yangu wa nyanya ameshanipa pampu ya mgongoni na dawa yake ndani, anasema asubuhi nimalize wote. Nipige? Nataka jibu kabla ya alfajiri maana uyoga haungoji mtu.

BodaWaBusia
Nyabo we piga, mdudu ni mdudu. Hawa wa kiuno chembamba si ndo mama zao hao funza, wanatafuta pa kutaga. Ukiwaacha mpaka kesho watakuja na mashemeji.

Kijana_wa_Arua
Kabla hajapiga naomba kuuliza, hao wanauma? Nina mtoto wa miaka mitatu na mi pia nimeanza kaveera hamsini ndani ya chumba cha uani. Kiuno chembamba nikisikia najua ni nyigu na nyigu wa huku Arua hana masihara, mwaka jana aliniumua jicho nikashindwa kuvaa kofia.

MauaEntebbe
Usipige!! Adyeri nakuomba usipige kwanza. Mi nilifanya kazi miaka sita shamba la maua karibu na Entebbe, kitengo cha vipandikizi vya krisanthemamu, hao vijinzi vyeusi nimekula nao, nimelala nao. Kwanza ile dawa ya nyanya haijatengenezwa kwa uyoga, uyoga unanyonya kama sponji na unachumwa ndani ya siku chache, nani atakula hiyo sumu? Wewe na wateja wako. Pili hao wa kiuno chembamba kama ndo ninaowafikiria basi sio adui yako. Nijibu, wana mabawa mawili ama manne? Na wakitembea mkia unainama chini?

Adyeri_Uyoga
Mabawa nimeshindwa kuhesabu, simu yangu kamera ina ufa. Mkia ndio, wengine wanauinamisha kidogo wanauingiza pale kwenye tundu la kaveera wanatulia kama dakika nzima. Picha nimeweka hapo chini msamehe, ni giza.

BodaWaBusia
Hiyo picha nyabo ni ya mdudu ama ya kivuli cha mdudu

Mzee_Araali
Adyeri mwanangu, weka pampu chini.

Nimeshinda sijibu humu lakini hii imenigusa. Miaka mingi nilikuwa msaidizi wa watafiti pale Kanyawara, kituo cha Makerere ndani ya msitu wa Kibale, kazi yangu ilikuwa kukagua mitego ya wadudu. Mitego yenyewe ni hema la wavu limesimama wazi ubavuni, mdudu akigonga wavu anapanda juu kutafuta mwanga, juu kabisa kuna chupa ya spiriti. Aliyeibuni ni Msweden mmoja René Malaise, aliona wadudu wakiingia hema lake la kulala wanajikusanya kwenye kona ya juu, akasema basi nitengeneze hema la kazi hiyo tu. Kila baada ya muda fulani mnamimina chupa, na ukimimina ndo unashangaa. Watu wanadhani msitu ni sokwe na tembo. Chupa moja imejaa nzi na nyigu, na kati ya nyigu wengi wao ni vidogo hivi unavyosema, kiuno uzi, antena ndefu.

Kwa jinsi ulivyoeleza, na kwa kivuli cha picha (BodaWaBusia umenichekesha), hao ni nyigu wanaoishi kwa vijinzi vya uyoga. Wako wa makundi kadhaa. Kundi ninalolijua mimi linaitwa Orthocentrus, ni jenasi ndani ya familia kubwa ya Ichneumonidae, familia ambayo wataalamu wameshaipa majina spishi kama 25,000 na bado hawajafika popote. Orthocentrus jina alilitoa Mjerumani Gravenhorst mwaka 1829, ni maneno ya Kigiriki maana yake kama mwiba ulionyooka.

Ngoja nikueleze uso wake maana ndo wanavyomtambua. Ukimweka chini ya lenzi, nyigu wengi wa familia hiyo wana kijimfereji kinachotenga uso na kile kisahani kilicho juu ya mdomo. Orthocentrus hana mfereji. Uso wote umevimba mbele, laini, hauna kona, kama mtoto aliyejaza maji mdomoni anasubiri kumtemea mwenzake. Ukishamwona mara moja humsahau. Mwiba wa kutagia ni mfupi tu, sio kama wale ndugu zao wanaotoboa magogo ambao mwiba unapita urefu wa mwili.

Sasa siwezi kuapa kwa picha ile kwamba wako ni Orthocentrus. Nyigu wa familia nyingine ya Diapriidae nao wanafanya kazi hiyohiyo na kwa macho matupu utawachanganya. Lakini kiuno, kugonga gonga, na mkia kuingia kwenye tundu, huyo anatafuta funza.

Kijana_wa_Arua
Mzee shikamoo. Kwa hiyo anauma ama haumi? Mtoto yupo hapa ananiangalia.

Mzee_Araali
Marahaba. Haumi. Mwiba wake ni wa kutagia na ni mdogo kuliko unywele wa mtoto wako. Wale wakubwa wa rangi ya chungwa wanaokuja kwenye taa usiku, miguu mirefu inaning'inia, hao ukiwabana na vidole wanaweza kukuchoma kidogo. Hawa wa uyoga hapana.

Mwalimu_wa_Katwe
Naomba kuchangia kidogo kabla uzi haujaenda mbali. Mimi nafundisha bayolojia na tangu baraza la mawaziri la hapa Uganda lilipopitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi Julai 2022 nimekuwa najitahidi kuzisema hizi hatua kwa Kiswahili darasani, wanafunzi wananicheka lakini wanaelewa. Yai, funza ama buu, pupa ama bundo, halafu mdudu kamili. Mzee amesema nyigu wanaishi kwa vijinzi, naomba nifafanue hapo maana BodaWaBusia na wenzake watadhani nyigu anakamata nzi anamla kama buibui. Hapana. Nyigu jike anatafuta funza, anataga yai ndani ya mwili wa funza, funza haoni hata kitu, anaendelea kula na kukua. Mtoto wa nyigu yumo ndani mdogo sana anasubiri. Funza akishaanza kujiandaa kuwa bundo ndo mtoto wa nyigu anaamka kula kwa nguvu, anamaliza mwenye nyumba kwa ndani, na kwenye ile ganda unayotegemea atoke nzi anatoka nyigu.

Halafu nyigu, si dondora. Dondora ni yule anayejenga tope kwenye ukuta. Watu huwa wanachanganya.

Bwera_Mpakani
Mwalimu huku kwetu Bwera tunasema nyigu kwa wote na hatujafa. Ile maneno ya mdudu kutokea ndani ya mdudu mwenzake imenishtua lakini, yaani unangoja mtoto wako anatoka mtoto wa mwingine. Hii ni ile watu wanafanyaga mjini.

BodaWaBusia
Sawa nimeelewa, nyigu ni askari. Sasa swali la mtu asiyesoma. Kama askari kumi na moja wamesimama kwenye kaveera moja, kwa nini wezi bado wanaiba? Adyeri si amesema mchumo wa pili umekufa? Hao askari wanalipwa kwa nini?

MauaEntebbe
Boda leo umeuliza la maana kuliko sisi wote.

Soma tena alichoandika Mwalimu. Funza aliyetagiwa yai ANAENDELEA KULA. Yaani yule mwenye nyigu ndani bado anatoboa shina la uyoga wako kama kawaida, anakula ule utando mweupe unaootesha uyoga ndani ya kaveera, mpaka siku anapotaka kuwa bundo. Kwa hiyo kwa mchumo huu hujapata faida yoyote, umepoteza vilevile. Faida ni kwamba kutoka kwa huyo hatatoka nzi jike wa kutaga mayai mengine 100 mpaka 200. Unaona sasa? Nyigu anafanya kazi ya mwezi ujao. Mkulima anataka kazi ya leo, ndo maana watu wengi wanakasirika wanachukua pampu, na pampu inaua nyigu kwa sababu yuko nje anatembea, funza yuko ndani ya maganda ya pamba anacheka, kesho nzi wapya wanatoka na askari hayupo. Nimeliona hilo shambani kwa macho yangu, tulipiga dawa kila wiki na zile kadi za njano za gundi za kunasia nzi zikazidi kujaa.

Hesabu yenyewe iko hivi kwa hao vijinzi tuliokuwa nao, jenasi inaitwa Bradysia: yai siku nne tano linaanguliwa, funza wiki mbili hivi, bundo siku nne tano tena, nzi mzima anaishi kama wiki. Mzunguko mzima wiki tatu mpaka nne kwenye joto la kawaida, Fort Portal kwa baridi yenu wiki nne. Nyigu naye anafuata nyuma ya funza, hawezi kumtangulia, atataga kwenye nini kama funza hayupo? Kwa hiyo kila mara utaona nzi kwanza halafu nyigu.

Adyeri_Uyoga
Banange. Kwa hiyo mimi nimekaa na askari wa mwezi ujao na wezi wa leo. Pampu nimeirudisha kwa jirani, ameniambia kuna watu wakisoma sana wanalala njaa. Sasa nifanye nini? Nina mteja hotelini anachukua kilo kumi kila Ijumaa, Ijumaa hii nitampelekea funza?

MauaEntebbe
Nitakwambia tulivyofanya, wewe chagua kinachowezekana kwako.

Kadi za njano zenye gundi, ning'iniza chini karibu na kaveera sio juu kwenye dari, hawa vijinzi hawarukagi mbali wanapenda kuwa karibu na unyevu. Zinakamata nzi wazima na pia zitakwambia kama wanaongezeka ama wanapungua, ndo faida yake kubwa. Lakini zinakamata na nyigu pia, kwa hiyo usijaze banda lote. Kwetu kwenye udongo tulikuwa pia tunakata kiazi mviringo tunalaza upande uliokatwa chini, siku mbili tatu ukikigeuza unakuta funza wamejikusanya, unajua ni wangapi wako kwenye udongo. Kwako labda weka kipande sakafuni.

Mlango. Wavu wa matundu madogo sana mlangoni na madirishani, sio ule wa mbu, vijinzi vinapita kwenye wavu wa mbu kama vinaingia sokoni. Na milango miwili, unafunga wa kwanza ndo unafungua wa pili.

Halafu kuna minyoo midogo sana ya kumwagilia, Steinernema feltiae, inaingia kwenye funza inamuua, na kuna bakteria wa Bti, wale wanaotumika kuua viluwiluwi vya mbu, na hao wanafanya kazi kwa funza wa hawa vijinzi. Hivyo vyote viwili havigusi nyigu mzima. Kwetu minyoo ilikuwa inakuja kwenye friji, kwa mkulima wa kaveera mia tatu sijui kama bei inaingia, sisemi ununue.

Mwalimu_wa_Katwe
Naongezea, kwenye mabanda ya maua ya Sweden mtafiti Hellqvist aliandika mwaka 1994 kuhusu nyigu wa jenasi ya Synacra, hao ni wa Diapriidae aliowataja Mzee, wanaoshambulia Bradysia ndani ya banda. Hakuna aliyewapeleka, walijileta wenyewe. Kwa hiyo Adyeri kitu kama hiki hakijaanzia kwako Kijura.

Mzee_Araali
Nilikuwa shambani sasa nimerudi. MauaEntebbe yote aliyosema ni sahihi lakini kuna jambo hamjamuuliza.

Adyeri, kaveera zilizochoka za mzunguko uliopita umezitupa wapi?

Adyeri_Uyoga
Zipo nyuma ya banda Araali. Ukutani. Nilikuwa nataka ziwe mbolea ya migomba.

Mzee_Araali
Hapo.

Nilivyokuwa natembea na mitego, sehemu ambazo chupa zilikuja na hawa nyigu wengi ni penye unyevu na magogo yaliyooza, chini chini, uyoga wa porini umejaa. Hawa vijinzi wanaishi kwa ukungu na utando kwenye mti unaooza, na nyigu wanazunguka hapohapo. Wewe umejenga msitu mdogo ukutani kwa banda lako. Kaveera iliyochoka bado ina utando ndani, ina maji, giza, hakuna anayeisumbua. Funza wanazaliwa huko, nzi wanafuata harufu ya kaveera mpya, hatua kumi tu. Na nyigu wako wamezaliwa hukohuko.

Nenda kesho mchana, chana kaveera mbili tatu, uone.

Adyeri_Uyoga
Nimerudi. Nimechana nne. Ya juu ilikuwa kavu, haina kitu, mende tu. Ya tatu kutoka juu nilipochana ikatoka harufu ya ukungu na ndani maganda yalikuwa yanatembea. Sisemi kwa mfano, YANATEMBEA. Funza wamejipanga kwenye zile mikunjo ya kaveera penye matone ya maji kama watu kwenye foleni ya bomba, wengine wamejifunika na utando wa buibui wao wenyewe, na kuna vibundo vya kahawia vidogo kuliko punje ya mchele. Na juu ya hiyo kaveera, nje, wale wa kiuno chembamba. Wengi kuliko wa ndani ya banda. Nilikaa kwenye jerikani nikawaangalia mpaka ugali ukaungua.

Nimefanya kitu kimoja, sijui kama ni sawa, nimechukua kama mkono mmoja wa yale maganda yenye funza na vibundo nikaweka kwenye chupa ya siagi ya karanga, nimefunika na kitambaa cha soksi ya mwanangu ya shule na mpira wa kubana. Nataka kuona atatoka nani.

Mzee_Araali
Ni sawa kabisa, watafiti wanafanya hivyohivyo, ndo njia nzuri ya kujua nani anatoka humo. Nyunyizia maji kidogo, usiloweshe, usiweke juani. Nyigu kwa kawaida anachelewa kutoka kuliko nzi kwa hiyo nzi wakiisha usitupe chupa.

Bwera_Mpakani
Choma hiyo takataka yote. Petroli lita moja, kwisha maneno.

Mzee_Araali
Ukichoma unachoma na nyigu. Wako ndani ya hao funza hatuwezi kuwatenga. Hamisha, usichome.

MauaEntebbe
Mzee hapa sikubaliani na wewe, samahani. Kwetu takataka ilikuwa inatoka siku hiyohiyo, hakuna mjadala. Ukihamisha hatua hamsini bado nzi atarudi. Mi ningezika shimo refu nifukie. Nyigu watarudi wenyewe kutoka porini, Kibale iko hapo, nyigu wako hapo tangu zamani kabla ya sisi kuzaliwa.

Kuna ujanja mmoja wakulima wa Hawaii wanafanya kwa nzi wa matunda, maembe na mapera yaliyooza wanaweka ndani ya hema la wavu, matundu yamepimwa, nzi akitoka anabaki ndani anakufa, nyigu kwa kuwa ni mdogo anapita anarudi shambani. Nilifikiria labda hapa pia...

Mzee_Araali
Kwa nzi wa matunda ndio kwa sababu nzi ni mnene na nyigu wake ni mdogo. Huku kijinzi ni milimita mbili mpaka nne na nyigu wake karibu ni hivyohivyo. Tundu linalompitisha nyigu linampitisha na nzi. Haiwezekani.

Lakini naweza kukubaliana na wewe nusu. Asizike na asiache rundo. Apeleke mbali kwenye migomba, achane kaveera zote, atandaze maganda nyembamba juani. Funza wa hawa anakufa kwa ukavu haraka, ngozi yake ni laini. Vibundo vilivyokwisha jifunga baadhi vitatoka, na kati ya hivyo kuna nyigu. Sio wote. Huwezi kupata wote.

MauaEntebbe
Hiyo sawa. Na kaveera zenyewe azikusanye asiache zinazagaa kwenye migomba.

BodaWaBusia
Wazee wamekubaliana, tuandike historia

Kijana_wa_Arua
Mimi nimeenda kuangalia za kwangu. Rundo liko chini ya dirisha. Nimenyamaza.

Mwalimu_wa_Katwe
Mzee Araali, nikiwa na nafasi naomba kuuliza nje kidogo ya mada. Pale Kibale, ni kweli kwamba wamepata nyigu ambao hawakujulikana duniani? Wanafunzi wangu hawaamini kwamba spishi mpya inaweza kupatikana Uganda, wanadhani hizo ni habari za Amazon.

Mzee_Araali
Kweli kabisa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Turku cha Finland waliweka mitego ya Malaise pale mwaka 2014 mpaka 2015, kuanzia msitu ambao haujakatwa mpaka kwenye mashamba ya watu. Mwaka 2019 wakatangaza spishi mbili mpya za jenasi ya Epirhyssa, moja inaitwa Epirhyssa johanna na nyingine Epirhyssa quagga, hiyo ya pili ina mistari ya pundamilia ndo maana. Hao ni wakubwa wanaoonekana, mwiba mrefu, wanashambulia funza wa ndani ya magogo. Sasa jiulize, kama hao wakubwa walikuwa hawajapewa jina, hawa wadogo wa Adyeri je? Mtu wa kukaa na lenzi kuwapanga hawa wadogo mmoja mmoja ni wa kutafuta na taa, na ni kazi ya kuvunja shingo, nimewaona wakifanya, kichwa kimeinama kutwa nzima kwa mdudu mmoja.

Bwera_Mpakani
Kwa hiyo inawezekana chupa ya siagi ya Adyeri ina mdudu bila jina. Aitwe Adyeri.

Adyeri_Uyoga
Mkimwita hivyo mje mniombe ruhusa kwanza.

Wadau niwape habari, ni wiki ya tano sasa. Rundo lilihamishwa siku ileile, mimi na wanangu wawili, tulipiga safari kumi na nne na toroli. Maganda tumeyatandaza kwenye migomba upande wa pili wa barabara, jua la siku tatu likayakausha yakawa kama pumba. Nimeweka wavu, pesa ilinitoka lakini nimeweka, na mlango wa pili nimetumia gunia kwanza. Kadi za njano nne tu. Mzunguko uliokuwa umeharibika niliutoa wote, sikuusubiri, nililia kidogo nikautoa. Mteja wa hoteli nilimwambia ukweli, akasema ana wiki mbili za kunisubiri, baada ya hapo sijui.

Kwenye kadi, wiki ya kwanza nilihesabu nzi mpaka nikachoka nikaandika wengi. Wiki iliyopita kadi ile iliyo mlangoni ilikuwa na kumi na saba, za ndani tatu, nne, na moja haina. Kaveera mpya ziko nyeupe, vichwa vimeanza kuchomoza leo asubuhi na nimevikata viwili kuangalia shina, ni safi.

Chupa sasa. Siku ya tisa nzi wakaanza kutoka, kila asubuhi watatu wanne wamekwama kwenye soksi. Jumla nzi ishirini na sita. Halafu ikanyamaza, siku tano hakuna kitu, mume wangu akasema nitupe anataka chupa yake. Nikakumbuka maneno ya Mzee. Siku ya sita akatoka wa kiuno chembamba, mmoja, kalowa, kasimama kwenye kioo anajipangusa antena kwa miguu ya mbele kama paka. Jumla yao saba mpaka leo. Dada wa duka la dawa amenikopesha ile lenzi yake ya kusomea maandishi madogo, nimeangalia mabawa ni manne, nimehesabu mara mbili, na uso jamani, Mzee, uso umevimba.

Mzee_Araali
Umevimba bila mfereji?

Adyeri_Uyoga
Mfereji sijauona. Lenzi ya duka la dawa lakini.

Mzee_Araali
Weka wawili kwenye spiriti kwa kichupa kidogo, andika tarehe na mahali kwa penseli kwenye karatasi uitumbukize humohumo ndani, wino unafutika. Nikija mjini wiki ijayo nitapitia niwachukue, kuna kijana wa kituoni nitampa. Wale watano waachie.

Adyeri_Uyoga
Watano nimeshawaachia asubuhi, kule kwenye migomba. Mmoja alikataa kutoka kwenye soksi nikaiacha soksi palepale juu ya jani, mtoto ameenda shule na miguu miwili ya rangi tofauti.

BodaWaBusia
Nyabo kilo moja shilingi ngapi? Ila nichumie wa kaveera mpya.